Kufunga kompresa na tangi la upepo chini ya gari: mwongozo kamili kwa wenye Land Cruiser na magari mengine ya chasisi

Mtu anayeendesha Land Cruiser Hardtop kwenye mchanga wa pwani au kwenye njia za hifadhini hujifunza mapema kwamba tairi lenye upepo mdogo hupita mahali ambapo tairi lililojaa huzama. Kupunguza upepo hadi psi 18 (psi ni kipimo cha presha) ni kazi ya dakika chache. Kuurudisha hadi psi 35 au 40 kabla ya kuingia barabara ya lami, huku kituo cha mafuta kikiwa mbali, ndiyo kazi inayohitaji kompresa iliyofungwa garini. Ndani ya gari nafasi imejaa mizigo na abiria, na kwenye chumba cha injini kuna joto pamoja na betri ya pili, kwa hiyo wengi huishia kutazama chini ya gari, kati ya chasisi na bodi, ambako mara nyingi kuna pengo lisilotumika.

Pengo hilo lina gharama yake. Hapo ndipo matope, mawe, maji ya mito na joto la ekzosi hukutana, na kifaa kitakachofungwa hapo bila kuyafikiria yote manne hakitadumu misimu miwili ya mvua. Mwongozo huu unahusu gari lenye chasisi ya ngazi, yaani reli mbili ndefu za chuma zilizounganishwa na vyuma vya kukatiza, kama zilivyo Land Cruiser za mfululizo wa 70, Hilux na pikapu nyingine za aina hiyo. Gari dogo lisilo na chasisi ya namna hii lisifungiwe tangi chini kwa kufuata maelezo haya, kwa sababu sakafu yake ya bati jembamba haikukusudiwa kubeba uzito unaotikisika.

Tangi hufanya kazi gani hasa

Wapo wanaoamini kwamba tangi likishajaa litajaza matairi yote manne. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Tangi la lita 10 lililojazwa hadi psi 150 hutoa takriban lita 79 za hewa ya kawaida, yaani isiyobanwa, linaposhuka hadi psi 35. Tairi la 7.50R16 lina nafasi ya ndani ya takriban lita 65, na kulipandisha kutoka psi 18 hadi 35 kunahitaji karibu lita 75 za hewa hiyohiyo. Kwa maneno mengine, tangi la ukubwa huo lina upepo wa tairi moja, na matairi matatu yaliyobaki ni kazi ya kompresa yenyewe. Faida ya kweli ya tangi ni kwamba hutoa upepo mwingi kwa mkupuo mmoja, jambo linalosaidia kukalisha tairi kwenye rimu, kupuliza vumbi kwenye chujio la hewa na kuendesha kufuli za difu zinazotumia upepo, na pia huiepusha kompresa na kuwaka na kuzima kila mara. Ikiwa huna mahitaji hayo, funga kompresa peke yake na uokoe fedha.

Upande wa pili wa hesabu ni usalama. Nishati iliyohifadhiwa ndani ya tangi hilo likiwa limejaa inatosha kurusha gunia la kilo 50 juu zaidi ya mita 15. Kwa sababu hiyo sikubaliani kabisa na desturi ya kutumia mtungi wa gesi ya friji, mtungi wa gesi ya kupikia au kizimamoto cha zamani kama tangi la upepo. Mitungi ya gesi ya friji inayouzwa kwa matumizi ya mara moja ni myembamba, na hewa yenye unyevu huianzishia kutu kwa ndani ambako jicho halifiki. Nunua tangi lililotengenezwa kwa ajili ya upepo, lenye kibati kinachoonyesha presha lililoidhinishwa kubeba. Kwa mfumo wa psi 150, tafuta tangi la psi 200. Tangi la breki la lori lililotumika linaweza kufaa endapo kibati chake kinasomeka na limepimwa kwa maji, si kwa upepo: hujazwa maji pomoni kisha husukumwa kwa pampu ya mkono hadi kupita presha ya kazi, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, na tangi likipasuka wakati huo hutiririka tu, halilipuki. Usichomelee kitu chochote kwenye ukuta wa tangi, hata kishikizo kidogo, kwa kuwa joto la kuchomelea huidhoofisha chuma ya pale.

Vitu vya kuandaa

Mbali na kompresa na tangi, utahitaji swichi ya presha inayowasha kompresa karibu na psi 110 na kuizima karibu na psi 145, valvu ya usalama ya psi 175, valvu ya njia moja, geji, koki ya kutolea maji, hozi fupi iliyosukwa kwa waya wa chuma, paipu ya nailoni ya breki za malori pamoja na viungio vyake, rilei ya ampea 70 (swichi ya umeme mkubwa inayowashwa kwa mkondo mdogo), fyuzi na kishikio chake, na waya wa shaba wa milimita za mraba 10. Paipu na viungio vya nailoni hupatikana kirahisi kwenye maduka ya vipuri vya malori, kama yale ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na huwa imara kuliko paipu za rangi zinazouzwa pamoja na kompresa za bei nafuu.

Hakikisha jambo moja ukiwa bado dukani, yaani aina ya tredi. Matangi na kompresa nyingi za magari huja na tredi ya Kimarekani ya NPT, ilhali viungio vingi vya maduka yetu ni vya BSP, tredi ya Kiingereza. Kwenye ukubwa wa robo inchi, NPT ina tredi 18 kwa inchi na BSP ina 19, na pembe za meno yake hazilingani. Vitaingiana mizunguko miwili au mitatu kana kwamba vinafaa, kisha vitakwama, na fundi mwenye haraka atakaza kwa nguvu hadi avunje tredi ya tangi. Beba kiungio kimoja kinacholingana na tangi lako na ukijaribu kwa mkono palepale kaunta.

Kuchagua mahali

Hatua hii ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote, na mimi huitengea nusu siku nzima kabla ya kushika drili. Egesha gari kwenye sakafu ngumu, weka kabari kwenye magurudumu, na ukilinyanyua liegemeze kwenye stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe mtu akiwa chini ya gari. Osha sehemu ya chini kwanza, kwa sababu matope huficha paipu za breki na nyaya ambazo utazikuta baadaye kwa ncha ya drili.

Kata boksi la karatasi ngumu kwa vipimo vya tangi na jingine kwa vipimo vya kompresa, kisha uyajaribishe sehemu mbalimbali. Chini ya boksi pasishuke kuliko ukingo wa chini wa reli ya chasisi, ili jiwe litakalogusa gari liguse chasisi kwanza. Weka nafasi ya angalau sentimita 20 kutoka kwenye ekzosi, na pasipowezekana weka ngao ya bati katikati, iliyoachana na vitu vyote viwili. Tangi lisiwe nyuma kabisa ya gurudumu lolote, mahali ambapo tairi hurusha mawe moja kwa moja.

Baada ya hapo fikiria vitu vinavyocheza. Difu ya nyuma hupanda hadi kugonga mpira wake wa kuzuia, propela shafti hupanda pamoja nayo, na springi za majani hunyooka na kurefuka. Gari likiwa limesimama bure, kila kitu huonekana kuwa mbali. Pima umbali uliopo kati ya difu na mpira wake wa kuzuia, uongeze sentimita tano, na ujiulize kama difu ikipanda kiasi hicho itagusa chochote. Kwenye Land Cruiser nyingi kuna pia valvu ya breki za nyuma inayosoma uzito wa mzigo, ikiwa na fimbo inayoshuka hadi kwenye difu, na fimbo hiyo isikaribiwe. Kadhalika usizibe njia ya kuteremshia tairi la akiba, wala usilifunge tangi la upepo likiwa limegusana na tangi la mafuta.

Kwa kawaida mahali panapokidhi masharti yote ni upande wa ndani wa reli, nyuma ya chuma cha kukatiza, upande usiopita ekzosi. Chuma hicho hutumika kama ngao dhidi ya mawe yanayotoka mbele. Ikiwa kompresa yako haikutengenezwa kuvumilia kuzama majini, ushauri wangu ni kwamba tangi liende chini na kompresa ipandishwe juu, nyuma ya kiti au kwenye chumba cha injini mbali na ekzosi. Hata kompresa isiyoingia maji ifungwe juu kadiri pengo linavyoruhusu.

Vishikizo na kanda

Tangi la chuma la lita 10 lina uzito wa kilo tano au sita, na uzito wa kompresa unakaribia huo. Mkononi ni mzigo mdogo. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi ya mfululizo kama bati, mzigo huo hurushwa juu na chini mara nyingi kila sekunde kwa masaa, na kinachoshindwa kwanza ni kishikizo. Niliwahi kuitwa kutazama gari ambalo gereji moja ilikuwa imelifungia tangi kwa klipu za hozi. Klipu moja ilikatika, tangi likazunguka robo duara, paipu yake ikashuka na kuzungushwa na propela shafti, na tangi na paipu vikang'oka pamoja na waya wa swichi ya presha. Dereva alisikia mlio mmoja tu.

Tengeneza vishikizo kwa engo ya chuma laini ya milimita 5, na kanda kwa flatibaa ya upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3. Kanda ziwe mbili, kila moja ikizunguka tangi karibu na ncha yake, pasipo kukaa juu ya mshono wa kuchomelea. Kati ya ukanda na tangi weka mpira wa unene wa milimita 3, na kaza hadi mpira ubonyee kidogo. Kama tangi lina miguu yake ya kiwandani, itumie, lakini uongeze ukanda mmoja, kwa kuwa miguu hiyo hupasuka kwenye mshono. Uchomeleaji wote ufanyike mezani, vishikizo vikiwa nje ya gari. Kuchomelea kwenye chasisi karibu na tangi la mafuta na paipu za breki ni hatari isiyo na sababu.

Kuhusu kutoboa chasisi, tafuta kwanza matundu ya kiwandani, nayo huwa mengi kuliko mtu anavyodhani. Pasipokuwepo, bana kishikizo kwa pleti mbili zinazoikumbatia reli. Ikilazimu kutoboa, toboa katikati ya ubavu wa wima wa reli, kamwe usitoboe ukingo wa juu wala wa chini, kwa maana kingo hizo ndizo zinazobeba nguvu ya kupinda na tundu lolote la pale huwa mwanzo wa ufa. Paka tundu rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuingiza boliti. Tumia boliti za M8 (za kipenyo cha milimita 8) zenye alama ya uimara ya 8.8, washa pana pande zote, na nati zenye pete ya nailoni, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu hadi takriban Nm 25 (nyutoni-mita). Kompresa ikalishwe juu ya mipira yake ya kuzuia mtikisiko na nati zake zisikazwe hadi kuiponda mipira, kwani ikishapondwa mtikisiko wote utahamia kwenye bodi na mlio wake utasikika ndani.

Tangi ligeuzwe ili tundu la koki ya maji liwe chini kabisa, na liinamishwe kidogo kuelekea kwenye koki. Watu wa pwani wasilipuuze jambo hili. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba takriban gramu 23 za maji kwa kila mita ya ujazo, na ikibanwa mara kumi sehemu kubwa ya maji hayo hudondoka ndani ya tangi. Kujaza matairi manne huacha maji ya kijiko kimoja au zaidi, na matumizi ya mwezi huacha dimbwi linalokula chuma kutoka ndani.

Njia ya upepo

Upepo unaotoka kwenye kichwa cha kompresa ni wa moto sana, unaweza kupita nyuzi 100, na paipu ya nailoni iliyounganishwa hapo italainika na kuchomoka. Sentimita 45 za mwanzo ziwe za hozi iliyosukwa kwa chuma, ambayo pia hupokea mtikisiko wa kompresa. Baada ya hozi hiyo iwepo valvu ya njia moja, mshale wake ukielekea kwenye tangi, ili kompresa inapowaka isianze kazi ikisukumana na presha iliyokwishajaa. Ikiwa kompresa yako ilikuja na valvu hiyo ndani ya hozi yake, haihitajiki nyingine.

Valvu ya usalama na swichi ya presha vifungwe kwenye tangi lenyewe, na kati yake na tangi pasiwepo koki yoyote inayoweza kufungwa kwa bahati mbaya. Zungushia tepu ya tredi kwa mwelekeo wa kukazia, mara tatu zinatosha, ukiacha tredi ya kwanza wazi ili vipande vya tepu visiingie kwenye valvu. Paipu ya kutolea upepo ipite juu ya reli, ifungwe kila sentimita 30, iwekewe mpira kila inapopita kwenye ukingo wa chuma, na iishie kwenye kiungio cha haraka nyuma ya bampa, chenye kifuniko cha vumbi.

Kompresa iliyo chini ya gari isivute hewa ya chini ya gari. Kompresa nyingi huruhusu chujio lake kuhamishwa kwa hozi. Lipeleke juu, nyuma ya taa ya nyuma au ndani ya kabini. Usiliunganishe kwenye bomba la hewa la injini baada ya chujio kubwa, hata kama gari lina mkonga (bomba la kuvutia hewa juu ya paa, yaani snorkel), kwa kuwa kiungio kikilegea injini itaanza kumeza vumbi lisilochujwa.

Umeme

Kabla ya kukata waya wowote, pima volti za mfumo. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zina mfumo wa volti 24, na gari la namna hiyo linahitaji kompresa ya volti 24. Kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili zilizounganishwa mfululizo huifanya moja ichoke na nyingine ijae kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema.

Kompresa ya volti 12 ya kichwa kimoja huvuta takriban ampea 25 hadi 30, na ile ya vichwa viwili huzidi 50. Umbali kutoka betri hadi chini katikati ya gari ni karibu mita 4, na ukihesabu kurudi ni mita 8. Kwa ampea 30, waya wa milimita za mraba 4 utapoteza volti 1 nzima njiani, na kompresa itazunguka kwa uzembe huku ikipata moto. Waya wa milimita za mraba 10 utapoteza karibu volti 0.4, na ndiyo sababu niliutaja mwanzoni. Kwa kompresa ya vichwa viwili panda hadi milimita za mraba 16.

Kutoka kwenye chanya ya betri weka fyuzi ya ampea 40 kwa kompresa ya kichwa kimoja, ndani ya sentimita 20 za mwanzo, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Waya uingie pini 30 ya rilei, na pini 87 iende kwenye kompresa. Pini 86 ipokee waya mwembamba unaotoka kwenye umeme wa swichi ya gari, wenye fyuzi yake ndogo, ukipita kwenye swichi ya dashibodi na kisha kwenye swichi ya presha. Pini 85 iende kwenye bodi. Kwa mpangilio huu swichi ya presha hubeba mkondo mdogo wa rilei tu, na kompresa haiwezi kuwaka usiku gari likiwa limezimwa. Rilei ibaki juu kwenye chumba cha injini, si chini. Hasi ya kompresa irudishwe hadi betri kwa waya mnene uleule, au ifungwe kwenye chasisi iliyokwanguliwa rangi ikiwa chasisi yenyewe ina waya mnene kwenda betri. Nyaya zipite ndani ya mpira wa kukunjana, mbali na ekzosi na mbali na paipu za mafuta.

Kujaribu

Washa injini, washa kompresa, na mtu mmoja asimame penye swichi huku mwingine akitazama geji kutoka pembeni, si akiwa amelala chini ya tangi. Kompresa ikipita psi 150 bila kuzimika, izime kwa mkono na uichunguze swichi ya presha. Ikizimika inavyotakiwa, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Povu dogo linalokua polepole ni uvujaji, na litakufanya uikute tangi tupu asubuhi.

Acha upepo upoe kwa nusu saa ndipo uandike presha, kisha uisome tena baada ya saa 12. Joto likishuka kutoka nyuzi 30 hadi 20 usiku, presha ya psi 150 itashuka kwa takriban psi 5 pasipo kuvuja popote, kwa hiyo usianze kufungua viungio kwa ajili ya tofauti hiyo. Ikishuka kwa psi 20, rudi kwenye sabuni.

Soma pia kiwango cha muda wa kazi cha kompresa yako. Kilichoandikwa asilimia 33 maana yake ni kwamba ikifanya kazi dakika 10 ipumzike dakika 20, hivyo huenda ukahitaji kujaza matairi mawili, kunywa chai, kisha kumalizia mawili. Wakati wa kujaza tumia bunduki ya upepo yenye geji, kamwe usiunganishe tairi moja kwa moja na tangi la psi 150 ukaliacha.

Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara mbaya, rudi chini na spana ukaze kila nati, kwa sababu mpira chini ya kanda hubonyea na kuzilegeza. Rudia baada ya kilomita 500, na ukague kama paipu imeanza kusuguliwa mahali. Kila baada ya kuvuka maji ya chumvi au magadi, kama yale ya kando ya Ziwa Natron, osha tangi kwa maji safi na upulize nyuma ya kanda ambako chumvi hujificha. Koki ya maji ifunguliwe kila wiki ya matumizi, tangi likiwa na psi chache tu, hadi hewa itoke kavu.